Kadi ya ukaazi mfukoni: Kanari, Curaçao, Jamhuri ya Dominika, Maldivi au Morisi?

Mtanzania anayeishi Ujerumani, au Mkongo anayeishi Ubelgiji, akianza kutafuta likizo ya bahari ya joto hukutana na orodha ndefu za nchi zisizodai viza. Orodha nyingi zimeandikwa kwa ajili ya mwenye pasipoti ya Ulaya, kwa hiyo hazimhusu. Akigeukia orodha ya pasipoti yake mwenyewe anaona ni fupi, anakata tamaa, na baridi inamkuta palepale.

Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hana mlango mmoja, ana mitatu. Kuna visiwa vinavyofunguliwa na kadi yenyewe, yaani wenyeji wanasema: ikiwa Ulaya imekukubali uishi kwake, nasi tunakupokea bila viza. Kuna vinavyofunguliwa na pasipoti yako, bila kujali unaishi wapi. Na kuna vilivyo wazi kwa karibu kila mtu duniani. Ukijua kisiwa chako kiko upande gani, nusu ya maandalizi imekwisha, kwa sababu ndipo unapojua karatasi ipi isikosekane na ipi haina kazi.

Nimechukua visiwa vitano. Kanari, Curaçao na Jamhuri ya Dominika hufunguliwa na kadi, Maldivi iko wazi kwa karibu wote, na Morisi hufunguliwa na pasipoti. Kila kimoja nakipima kwa mambo yaleyale: mlango na masharti yake, njia ya kufika na mahali pa kubadilisha ndege, majira ya hewa, mfuko na maisha ya huko, kisha nani kinamfaa. Uzuri wa fukwe sikuufanya kipimo, maana vyote vitano vinazo nzuri.

Kwanza, makaratasi ya kurudi

Jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote ni hili: kisiwa kinaweza kukupokea na Ulaya ikakukatalia kurudi. Hayo ni maswali mawili tofauti. Maldivi haiulizi kadi yako ya Ulaya, lakini siku ya kurudi shirika la ndege litaiuliza, na ikiwa imeisha wiki iliyopita utabaki Malé, mji wake mkuu, ukitafuta ubalozi.

Kwa hiyo angalia tarehe mbili, ya kadi na ya pasipoti. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Wengi tunategemea balozi zetu kupata pasipoti mpya, na kazi hiyo haifanyiki kwa haraka, basi anza nayo kabla hujagusa tiketi.

Karatasi ya muda unayopewa wakati kadi mpya inashughulikiwa ni habari nyingine kabisa. Huko Ujerumani karatasi hiyo inaitwa Fiktionsbescheinigung, na zipo za aina tofauti. Inayotaja kifungu cha 81 ibara ya 4 cha sheria yao ya ukaazi, ya mtu aliyekuwa na kibali na ameomba kukiendeleza, inakuruhusu kutoka na kurudi. Ya ibara ya 3 haikurudishi. Hata ile ya ibara ya 4 sishauri uipande nayo ndege ya kuvuka bahari, kwa sababu mfanyakazi wa kaunta wa huko mbali huenda hajawahi kuiona maishani mwake, na wewe ndiye utakayemfundisha ukiwa na watoto na mabegi.

Anayesubiri uamuzi wa hifadhi, au mwenye Duldung, karatasi ya Ujerumani inayoahirisha tu kufukuzwa, hana kibali cha ukaazi kwa maana ninayoitumia hapa. Mwenye hati ya bluu ya kusafiria ya mkimbizi anacho kibali, ila hana pasipoti ya taifa lake, kwa hiyo mlango wa pasipoti kwake haupo. Akitaka kisiwa nje ya Schengen, aulize ubalozi wa huko kwa maandishi na asubiri jibu kabla ya kulipa. Vibali vya Uingereza na Ireland navyo si vya Schengen. Haviwezi kukufikisha Kanari bila viza, ingawa cha Uingereza Jamhuri ya Dominika inakitambua.

Halafu kuna kaunta. Watu wanaogopa ofisa uhamiaji wa kisiwani, kumbe mpaka wa kwanza uko palepale unapokabidhi begi. Shirika likimbeba abiria asiye na karatasi linatozwa faini na linamrudisha kwa gharama yake, basi likiwa na shaka hukuacha. Mambo huenda hivi: mfanyakazi anafungua pasipoti yako, anapekua ukurasa kwa ukurasa akitafuta stika ya viza, haioni. Anatazama skrini, anapekua tena tangu mwanzo, anamnyooshea mkono msimamizi. Nyuma yako foleni inaanza kuguna. Dawa yake ni kumpa kadi pamoja na pasipoti tangu mwanzo, kadi ikiwa juu, na kumwomba kwa upole aingize kibali cha ukaazi kwenye mfumo. Mashirika hutumia hifadhidata iitwayo Timatic. Akiingiza uraia peke yake itamwambia viza inahitajika, akiongeza ukaazi jibu linabadilika. Chapisha pia ukurasa wa serikali husika unaotaja msamaha huo. Karatasi iliyochapwa humtuliza mtu wa kaunta kuliko maelezo marefu.

La mwisho ni njia ya kupita. Tiketi rahisi za kwenda Karibi mara nyingi hupitia Miami au New York, na Marekani haina kupita tu: hata ukibadilisha ndege kwa saa mbili unapitia uhamiaji wao na unahitaji viza yao. Kanada nayo hudai viza ya kupita kwa wengi wetu. Ukitafuta tiketi, chuja njia hizo kabla hujatazama bei.

Visiwa vya Kanari

*Mlango.* Kanari ni Hispania, na Hispania ni Schengen. Kadi yako na pasipoti hai vinakupa hadi siku 90 katika kila siku 180. Hakuna fomu, hakuna ada, na ukitokea nchi nyingine ya Schengen hupangi foleni ya uhamiaji. Beba vyote viwili hata hivyo, siyo picha ya kwenye simu. Visiwa hivi ndipo zinapotua mashua za wahamiaji kutoka Mauritania, Senegal na Moroko, polisi wako macho, na mtu mweusi anaweza kuombwa karatasi wakati jirani yake anapita. Inauma, lakini ukiwa nazo mkononi jambo linaisha pale pale.

*Njia.* Saa nne mpaka tano kutoka Ujerumani au Uholanzi, ndege za moja kwa moja kila siku, za bei nafuu zimejaa. Katika hivi vitano hakuna kinachofikika kwa urahisi namna hii.

*Majira.* Kanari si tropiki halisi, na afadhali ulijue mapema. Iko latitudo ya nyuzi 28 kaskazini. Desemba mchana unapata nyuzi 20 na kitu, jua zuri, lakini maji ya bahari yako chini au karibu na nyuzi 20. Aliyezoea kuogelea Nungwi au Diani atapiga kelele akiingiza mguu. Septemba na Oktoba maji ndiyo yamepata moto wake. Chagua kusini ya Gran Canaria au Tenerife ambako ni kukavu, maana kaskazini hukaa na mawingu. Mara chache hupiga calima, upepo wa vumbi kutoka Sahara, na mwenye pumu aende na dawa yake.

*Mfuko na maisha.* Unatumia euro, simu yako inafanya kazi bila gharama za ziada, na kadi ya bima ya afya ya Ulaya inatambulika hospitali ya serikali. Kodi ya mauzo ya visiwani, IGIC, kwa kawaida ni asilimia 7, ndogo kuliko ya bara. Nyumba zenye jiko ni nyingi, na familia ya watoto watatu inaokoa fedha kwa kupika. Asiyependa kulala ufukweni siku nzima ana mlima Teide wenye mita 3,715, na La Gomera yenye msitu wa ukungu wa Garajonay, ambako wenyeji bado huitana bonde kwa bonde kwa lugha ya mluzi, Silbo, inayofundishwa shuleni.

*Kinamfaa nani.* Safari ya kwanza ya mtu ambaye roho iko juu kuhusu karatasi, familia yenye watoto wadogo, mwenye hati ya bluu, na mwenye likizo ya siku chache. Hakimfai anayetaka bahari ya joto katikati ya Januari.

Curaçao

*Mlango.* Ufalme wa Uholanzi una visiwa sita Karibi: Aruba, Curaçao, Sint Maarten, Bonaire, Sint Eustatius na Saba. Haviko Schengen, na viza yao ni ya peke yake. Mkenya au Mtanzania anayetokea nyumbani anaihitaji. Mwenye kibali hai cha ukaazi cha nchi ya Schengen amesamehewa, na siyo lazima kadi iwe ya Uholanzi. Unajaza fomu ya kidijitali ya uhamiaji ndani ya siku saba kabla ya kusafiri, na unaweza kuulizwa tiketi ya kurudi na mahali utakapolala.

Kila kisiwa kina fomu yake na mpaka wake. Ukiwa Curaçao ukatamani kuruka hadi Bonaire, ambayo ni karibu sana, unavuka mpaka, na Bonaire humtoza mgeni mwenye miaka 13 na zaidi kodi ya kuingia ya dola 75. Kwa familia ya watu wanne hiyo si fedha ya kupuuza.

*Njia.* Karibu saa kumi angani kutoka Amsterdam, moja kwa moja. Anayeishi Ujerumani au Ubelgiji apande treni hadi Schiphol, ambayo ina kituo chake chini ya uwanja wenyewe. Njia hiyo inaondoa kabisa swali la viza ya kupita, na ndiyo sababu kubwa ninayoipendea Curaçao kwa mtu wa kadi.

*Majira.* Kisiwa kiko kusini mno, mbele ya pwani ya Venezuela, nje ya njia kuu ya vimbunga. Joto ni nyuzi 27 hadi 31 mwaka mzima na upepo haukomi, hivyo joto halibani kifua. Mvua fupi huja kuanzia Oktoba hadi Januari. Mzazi anayebanwa na likizo ya shule ya Julai na Agosti, miezi ambayo sehemu kubwa ya Karibi inachungulia anga, hapa anaweza kulala usingizi.

*Mfuko na maisha.* Tangu 31 Machi 2025 fedha ya huko ni gilda ya Karibi, iliyofungwa kwenye dola ya Marekani kwa gilda 1.79 kwa dola moja, na dola zenyewe zinapokelewa kote. Chakula kingi huagizwa nje, kwa hiyo sokoni utaona bei za juu. Fukwe nzuri ni vihori vidogo upande wa magharibi, kila kimoja kimefichwa kati ya miamba, na bila kukodi gari hutavifikia.

Watu wanazungumza Papiamentu, na Kiholanzi na Kiingereza vinatosha. Lakini kisiwa hiki si maji ya buluu tu kwa mtu wa Afrika. Waholanzi walikifanya bohari ya kuuzia watu, na makumbusho ya Kura Hulanda mjini Willemstad yanaonyesha biashara hiyo kwa uwazi unaokufanya utoke nje kupumua. Tarehe 17 Agosti 1795 mtumwa aitwaye Tula aliongoza wenzake kugoma katika shamba la Knip, wakaandamana wakidai uhuru. Alikamatwa na kuuawa kikatili. Ufukwe wa Grote Knip, ule unaoonekana kwenye kila tangazo la Curaçao, uko pembeni mwa shamba hilohilo. Nenda kaogelee, ila mchana mmoja mpe Tula, na watoto waeleze.

*Kinamfaa nani.* Anayeishi Uholanzi au jirani zake, mwenye kufungwa na likizo ya shule, mpenda kupiga mbizi, na anayetaka likizo yenye historia inayomgusa. Hakimfai asiyeendesha gari.

Jamhuri ya Dominika

*Mlango.* Pasipoti zetu kwa kawaida zinahitaji viza, lakini mwenye viza hai au kibali cha ukaazi cha Marekani, Kanada, Uingereza au nchi za Schengen anaingia kama mtalii kwa siku 30. Kadi ya utalii ya dola 10 huwa imeshajumlishwa kwenye nauli ya ndege. Unachojaza ni fomu ya mtandaoni iitwayo E-Ticket, ambayo ni bure. Tovuti inayokudai fedha kwa fomu hiyo si ya serikali.

*Njia.* Takriban saa tisa hadi kumi na moja kutoka Frankfurt, Madrid au Paris. Hapa ndipo mtego wa Marekani unaponasa watu wengi zaidi, kwa sababu mji wa hoteli wa Punta Cana uko karibu na Miami na injini za kutafutia tiketi zinaipenda njia hiyo. Lipia ndege ya moja kwa moja, hata ikizidi kidogo.

*Majira.* Desemba hadi Aprili ndiyo miezi mizuri. Msimu wa vimbunga Atlantiki ni 1 Juni hadi 30 Novemba, mkali zaidi Agosti na Septemba. Kuna pia mwani wa kahawia, sargassum, unaosukumwa na bahari hadi fukwe za mashariki hasa miezi ya joto. Mwaka mbaya unajaa ufukweni na kunuka. Pwani ya kaskazini huathirika kidogo. Januari hadi Machi nyangumi wenye nundu huja kuzaa ghuba ya Samaná, na boti zinakupeleka kuwaona.

*Mfuko na maisha.* Hapa ndipo penye hoteli za kulipia mara moja, chakula, vinywaji na michezo ya watoto vyote ndani. Ukiweka nauli na hoteli pamoja, mara nyingi unapata bei ambayo Curaçao au Maldivi haziwezi. Lakini nakusihi utoke nje ya geti angalau siku moja. Santo Domingo, iliyoanzishwa na Wahispania miaka ya 1490, ina mtaa wa kale wenye kanisa kuu la kwanza katika Amerika, na ngoma za huko zitakueleza zilikotoka bila mkalimani.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya utalii huliacha. Nchi hii inapakana na Haiti, na msako wa wahamiaji wa Haiti ni mkali. Novemba 2022 ubalozi wa Marekani uliwatahadharisha raia wake wenye ngozi nyeusi kwamba wanaweza kusimamishwa na kuzuiwa kwa kudhaniwa Wahaiti. Ndani ya hoteli na kwenye ziara zilizopangwa hatari ni ndogo. Ukizunguka mwenyewe, tembea na nakala ya pasipoti, ya muhuri wa kuingia na ya kadi yako, na ujifunze sentensi mbili za Kihispania za kujieleza.

*Kinamfaa nani.* Familia au kundi la marafiki wanaotaka kujua gharama yote kabla ya kuondoka, na watu wa muziki. Anayependa kupanda daladala na kuzurura peke yake, bila Kihispania, atachoka.

Maldivi

*Mlango.* Uko wazi: viza ya siku 30 hutolewa bure unapofika, kwa karibu kila uraia, ukiwa na tiketi ya kurudi, uthibitisho wa malazi na uwezo wa kujikimu. Ndani ya saa 96 kabla ya safari unajaza tamko liitwalo IMUGA. Kadi ya Ulaya haina kazi hapa mpaka siku ya kurudi.

*Njia.* Karibu saa kumi moja kwa moja, au kupitia Doha, Dubai au Istanbul, ambako kwa kawaida unabadilisha ndege bila kutoka uwanjani. Uwanja wa Velana uko kisiwani karibu na Malé, na safari bado haijaisha. Boti ya kasi inakufikisha Maafushi chini ya saa moja, ila kisiwa cha mbali kinataka ndege ya majini, ambayo huruka mchana tu na hugharimu mamia ya dola. Vivuko vya umma ni rahisi sana lakini vingi havifanyi kazi Ijumaa. Ukitua jioni au Ijumaa bila kupanga, unalala Malé.

*Majira.* Hapa mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa, ni kaskazi na kusi zilezile. Kaskazi, Januari hadi Aprili, ndiyo kukavu na bahari imetulia. Kusi, Mei hadi Oktoba, kuna mvua na mawimbi, bei zinashuka, na papa potwe pamoja na samaki taa wakubwa wanaonekana zaidi katika baadhi ya visiwa.

*Mfuko na maisha.* Kuna Maldivi mbili. Moja ni ya hoteli iliyomiliki kisiwa kizima, na bei yake unaijua. Nyingine ni ya visiwa vya wenyeji, ambako nyumba za wageni zimeruhusiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na familia ya kawaida inamudu. Ukilinganisha bei, uliza kama kodi zimo: ada ya huduma asilimia 10, kodi ya utalii ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, na kodi ya kijani ya dola 6 au 12 kwa mtu kwa usiku kulingana na ukubwa wa malazi. Bei ya tangazo na bei ya mwisho zinaweza kupishana sana.

Nchi ni ya Kiislamu. Chakula ni halali, adhana inasikika, na kwenye visiwa vya wenyeji hakuna pombe kabisa. Nguo za kuogelea za wazi zina ufukwe wake uliotengwa.

*Kinamfaa nani.* Familia ya Kiislamu iliyochoka kuuliza kila mgahawa nyama imechinjwaje, wanandoa, wapiga mbizi, na yule ambaye kibali chake ni cha nchi isiyotambulika Karibi. Vijana wanaotaka kukesha kwenye muziki wataona siku ni ndefu.

Morisi

*Mlango.* Pasipoti. Mkenya na Mtanzania hawadaiwi viza ya utalii, wanajaza fomu ya mtandaoni na kuonyesha tiketi ya kurudi na malazi. Uraia mwingine asome orodha ya uhamiaji wa Morisi, maana siku na masharti yanapishana kati ya nchi na nchi.

*Njia.* Saa kumi na moja hivi kutoka Paris. Lakini uzuri wake hasa ni kwamba kuna ndege kutoka Nairobi, kwa hiyo kinaungana na safari ya nyumbani.

*Majira.* Mei hadi Novemba ni kukavu na baridi kidogo. Vimbunga huja kati ya Novemba na Aprili, hasa Januari hadi Machi, yaani wakati uleule Mzungu anapoikimbilia.

*Mfuko na maisha.* Gari linaendeshwa kushoto kama kwetu, Kiingereza, Kifaransa na Krioli vyote vinasikika, na mabasi yanafika karibu kila mahali. Mlima Le Morne, walikojificha watumwa waliotoroka, uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008.

*Kinamfaa nani.* Anayekwenda kusalimia wazazi na anataka siku chache za kupumzika kabla ya kurudi kazini, na mtu wa magari na vilima kuliko wa kulala mchangani.

Jirani zake wawili wasikuchanganye. Shelisheli iko wazi kwa karibu kila uraia kwa kibali cha mtandaoni chenye ada, na iko nje ya njia kuu ya vimbunga, ila ni ghali. Réunion ni Ufaransa na Umoja wa Ulaya lakini haiko Schengen. Mwenye kadi ya Ufaransa anakwenda kama anakwenda mkoa mwingine, mwenye kadi ya nchi nyingine aulize ubalozi wa Ufaransa kwanza.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Kadi yako inaisha ndani ya miezi mitatu: anza kuiendeleza sasa na uende Kanari. Kikitokea kikwazo hujavuka mpaka wa nje wa Schengen, na unarudi.

Una watoto wa shule na likizo yako ni Julai au Agosti: chaguo ni kati ya Curaçao kwa bahari ya joto na Kanari kwa gharama ndogo. Dominika katika miezi hiyo inawezekana, ila nunua bima inayotaja vimbunga kwa maandishi. Ukisafiri na watoto bila mzazi mwenzako, beba barua yake ya ridhaa na vyeti vya kuzaliwa, hasa kama majina ya ukoo hayafanani.

Unataka joto Desemba hadi Machi: Dominika na Maldivi ndizo ziko katika ubora wao, Curaçao inafuata. Kati ya hizo mbili, swali ni la meza na jioni zako, pombe na muziki kwa upande mmoja, halali na utulivu kwa upande mwingine.

Nyinyi ni wanandoa wenye pasipoti tofauti, mmoja amepata uraia wa Ulaya na mwingine ana kadi: msipange kwa pasipoti yenye nguvu. Fuateni masharti ya mwenye kadi, na kwenye kaunta simameni pamoja.

Kibali chako ni cha Uingereza: Dominika na Maldivi ziko wazi kwako, na Curaçao pia husamehe vibali vya huko. Kwa kuwa kadi ngumu zilibadilishwa kuwa rekodi ya mtandaoni, hakikisha pasipoti unayosafiri nayo ndiyo iliyounganishwa na akaunti yako.

Unapitia nyumbani kwanza, Nairobi, Kampala au Kinshasa, halafu kisiwani: chukua kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano. Morisi, Maldivi na Curaçao hukidai kwa anayetokea nchi zenye ugonjwa huo, hata kama makazi yako ni Ulaya, na chanjo yenyewe inahesabiwa kuwa hai kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa.